Mathenge: Mti mgeni unaonufaika na ukame na mafuriko

Mti wa mathenge, ambao jina lake la kisayansi ni Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini. Katika eneo la Baringo, nchini Kenya, ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia mradi ulioungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Lengo lilikuwa kuzuia jangwa na kuwapatia wafugaji kuni na chakula cha mifugo.

Badala yake mti huo ulienea ovyo, ukaziba malisho, mashamba na njia za kuelekea kwenye maji. Wafugaji walilalamika kuwa maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa jamii ya Ilchamus waliishtaki Serikali jijini Nairobi, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kuwa kielelezo. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari.

Mabadiliko ya tabianchi yanaupa nguvu kwa njia tatu.

Kwanza, ukame. Nyasi zinapokauka, mizizi mirefu ya mathenge huendelea kupata maji ya ardhini. Mifugo yenye njaa hula maganda, na mbegu hutoka zikiwa hai katika kinyesi, mbali na mti mama.

Pili, mafuriko. Maji husomba maganda hadi kwenye mabonde mapya. Mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zinatajwa kuwa miongoni mwa sababu za kuenea kwake.

Tatu, joto. Mti huu hauvumilii baridi kali, hivyo nyanda za juu zimekuwa kizuizi. Joto likizidi, kizuizi hicho hupanda juu zaidi.

Hata hivyo, eneo kufaa kwa mti si sawa na eneo kuvamiwa. Ni lazima mbegu ifike kwanza. Hapo ndipo binadamu ana nafasi ya kuzuia. Kukata shina pekee hakutoshi, kwani kisiki huchipua tena. Kinachohitajika ni kung'oa miche mapema pamoja na mizizi, na kusaga maganda hadi mbegu zivunjike kabla ya kulisha mifugo. Miti iliyokomaa huchomwa makaa, lakini visiki vyake visipong'olewa, kichaka hurudi.