Mlima, Hewa na Njia ya Nishati: Magari kati ya Pwani ya Mute na Uwanda wa Mueda

Kijiji cha Mute, wilayani Palma, kimo katika ukanda tambarare wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Msafiri atokaye huko kwenda Mueda hupitia Mocímboa da Praia, Awasse na Diaca, kisha huupanda ukingo wa uwanda wa Wamakonde hadi takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari. Makala haya yanatumia njia hiyo kupima dai linalorudiwa katika mijadala ya sera za usafiri, kwamba mwinuko ndio unaoamua ubora wa gari la umeme au la mafuta. Historia ya njia yenyewe inaonesha kuwa dai hilo lina ukweli nusu tu.

Katika karne ya 19 kimo cha uwanda kilikuwa ngome. Jamii nyingi zilipanda huko kukwepa wateka watumwa, na Wareno hawakuutawala kikamilifu hadi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Katika vita hiyo, majeshi ya Uingereza yaliyoshuka Porto Amélia, leo Pemba, yalikuwa na magari, lakini mzigo mkubwa wa kampeni ya Afrika Mashariki ulibebwa na wapagazi. Gari lilifika pale tu barabara na petroli vilipofika.

Kifizikia, udhaifu wa injini ya mafuta unafahamika. Injini hiyo huchoma petroli au dizeli kwa oksijeni ya hewa, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchomea. Ndiyo maana mwaka 2018, katika mashindano ya kupanda mlima Pikes Peak nchini Marekani, ambao kilele chake kina mita 4,302, gari la umeme la Volkswagen lililoendeshwa na Romain Dumas lilivunja rekodi ya magari yote kwa dakika 7 na sekunde 57. Ethiopia, ambayo mji wake mkuu uko juu ya mita 2,300, ilitangaza mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya mafuta. Hata hivyo, sababu iliyotajwa haikuwa wembamba wa hewa, bali gharama ya fedha za kigeni kwa mafuta. Nchi hiyo ina umeme mwingi wa maji.

Kwa kipimo hicho, Mueda si juu sana. Hasara ya injini huko ni kama asilimia 8, na tabo huifidia. Mteremko nao unahesabika. Kuinua gari la kilo 1,500 kwa mita 800 kunahitaji takribani kilowati-saa 3.3, mbali na msuguano wa barabara. Lori la tani 20 linahitaji takribani 44. Wakati wa kushuka, mota ya umeme hugeuka jenereta na inaweza kurudisha zaidi ya nusu ya nishati hiyo kwenye betri, ilhali injini ya mafuta hairudishi hata tone kwenye tangi. Katika mlima, basi, gari la umeme lina faida.

Tatizo liko kwenye njia ya nishati. Wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, misafara ya Wareno kutoka Mocímboa da Praia kwenda kambi ya Mueda ilikwamishwa na mabomu yaliyotegwa ardhini. Injini zilikuwa na uwezo wa kupanda. Kilichozuiwa ni barabara iliyobeba mafuta, chakula na askari. Mwaka 2020, katika vita vilivyoanza mwaka 2017, kituo cha kupozea umeme cha Awasse kiliharibiwa, na wilaya za Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe zikakosa umeme wa gridi. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wakimbizi wengi walielekea Nangade na Mueda. Katika hali kama hiyo, dumu la petroli lililofichwa nyuma ya nyumba lina thamani ambayo soketi isiyo na umeme haina.

Msumbiji inamiliki bwawa la Cahora Bassa, lenye uwezo wa megawati 2,075, lakini wingi wa umeme katika Zambezi si uhakika wa umeme katika Palma. Anayepanga usafiri wa Cabo Delgado asianze kwa kuuliza gari lipi linapanda vizuri zaidi. Aulize kwanza nishati inapita wapi, na ikikatwa sehemu moja, ni wilaya ngapi zinazimika. Vituo vya kuchajia vyenye paneli za jua na betri zake, katika pwani na juu ya uwanda, vingepunguza utegemezi kwa nguzo moja. Bila hivyo, ambulansi ya umeme itaushinda mlima wa Mueda siku ya amani, na kubaki imeegeshwa siku inapohitajika zaidi.