Zamu za sungusungu zigawiwe vipi?

Walinzi wa kujitolea wakiwa 12, na kila usiku wakizunguka wawili, wiki 6 zina zamu 84, yaani 7 kwa kila mmoja. Lakini simu tunazopokea studioni hazilalamikii idadi, zinalalamikia usiku wa mnada: kwa nini niwe mimi tena? Mnada ukiwa mmoja kwa wiki, zamu zake ni 12, basi kila mtu apate moja. Kwenye daftari anzeni na hizo nzito, ndipo mjaze nyingine, na aliyelinda leo apumzike kesho. Udhuru ukizidi, kompyuta husaidia: kwa hesabu zinazotokana na njia ya Mmarekani George Dantzig ya mwaka 1947, hutafuta mpango unaompunguzia mzigo aliyelemewa kuliko wote.