Mhandisi wa Programu na Mtumiaji Asiye Mtaalamu: Funzo la Kihistoria kutoka Oslo hadi Vitabu vya MTUHA

Stadi za mawasiliano za mhandisi wa programu za kompyuta mara nyingi huchukuliwa kuwa ni adabu ya mazungumzo: aeleze polepole, aepuke istilahi ngumu, asikilize kwa subira. Makala haya yanadai kwamba historia inatupa kipimo kizito zaidi, yaani iwapo neno la mtumiaji lina uwezo wa kuubadili mfumo.

Hoja hii ilipata umbo nchini Norwei katika miaka ya 1970. Kristen Nygaard, aliyekuwa ameunda lugha ya programu ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl, alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali. Mwanzoni mradi ulifuata desturi: watafiti wachunguze, kisha waandike ripoti. Ilipobainika kwamba ripoti ya namna hiyo isingewafaa wafanyakazi, iliamuliwa kwamba matokeo ya mradi yawe ni hatua ambazo wafanyakazi wenyewe wangezichukua. Wakaandikiwa vitabu vya kujifunzia. Makubaliano ya kitaifa ya mwaka 1975 yaliwataka waajiri watoe taarifa za mifumo mipya mapema, kwa lugha inayoeleweka na asiye mtaalamu. Hivyo, ufafanuzi ukaacha kuwa hisani ya mhandisi ukawa haki ya mtumiaji.

Mradi wa UTOPIA (1981–1985) uliendeleza fikra hiyo miongoni mwa wafanyakazi wa uchapaji wa nchi za Nordiki. Maboksi matupu yaliwekwa mahali pa printa na mashine nyingine ambazo hazijapatikana, na wachapaji wakaonyesha kazi yao kwa vitendo. Yale ambayo mikono iliyajua lakini ulimi haukuweza kuyaeleza yakaonekana.

Mkondo huo ulifika Afrika. Mpango wa HISP, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, ulizaa mfumo wa DHIS, ambao toleo lake la pili linatumika Kenya na Tanzania. Nchini Tanzania mfumo huo hupokea takwimu zinazoanzia katika vitabu vya MTUHA. Muuguzi wa zahanati hujaza vitabu hivyo kwa Kiswahili, ilhali wahandisi mara nyingi hujadiliana kwa Kiingereza. Kichwa cha safu kikitafsiriwa vibaya, tarakimu yenye kasoro husafiri hadi wilayani na wizarani, na mgawo wa dawa huweza kupangwa kwa msingi wake.

Kwa hiyo, tunapendekeza kwamba mikataba ya mifumo ya umma katika ukanda wetu iwe na sharti linalofanana na lile la 1975: maelezo yatolewe kwa Kiswahili, kabla ya uamuzi kufanywa, na kila pingamizi la mtumiaji lijibiwe kwa maandishi. Mafunzo ya siku mbili baada ya mfumo kukamilika hayawezi kuchukua nafasi ya sharti hilo.