Kutoka Bahari ya Kaskazini hadi Mto Mara: Historia ya Utafutaji wa Kiwango Bora katika Maji ya Tarime na Serengeti, 1927–2022

1.0 Utangulizi

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, na huundwa na mito ya Amala na Nyangores inapoungana. Hupita katika Hifadhi ya Maasai Mara na sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hutenganisha Wilaya ya Tarime na Wilaya ya Serengeti kabla ya kuenea katika kinamasi kikubwa na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Bonde hili liko mbali na bahari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hesabu zilizotumika kukadiria samaki wangapi wavuliwe, nyumbu wangapi wanaweza kupotea bila kundi kuangamia na maji kiasi gani yahitajika mtoni, ilifanywa na wataalamu waliojifunza kazi yao baharini.

Tafiti hizo huonekana kuwa mchanganyiko usio na uhusiano: ripoti ya uvuvi ya wakati wa ukoloni, makadirio ya furu, takwimu za doria za wanyamapori na modeli ya mtiririko wa maji. Makala haya yanazisoma pamoja kama historia moja ya utafutaji wa kiwango bora. Hoja yake ni kwamba katika kipindi cha takriban miaka tisini swali la watafiti lilibadilika. Mwanzoni waliuliza kiasi gani cha juu kabisa kinaweza kuchukuliwa. Mwishoni waliuliza kiasi gani cha chini kabisa ni lazima kibaki. Mabadiliko hayo yalitokana na mambo ambayo ziwa na mto viliwafundisha watafiti, na mara nyingi gharama ya somo hilo ilibebwa na wakazi wa kando ya maji.

2.0 Graham na Wavu wa Inchi 5

Nyavu za makila ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, kwanza katika ghuba ya upande wa Kenya. Kabla ya hapo, wavuvi walitegemea zaidi migono, mitego ya mafunjo na ndoano. Wavu mpya ulimlenga hasa ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, na baada ya miaka michache mavuno kwa kila wavu yalianza kushuka. Serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilihitaji maelezo, na aliyepewa kazi hiyo ni Michael Graham, mtaalamu wa samaki wa Bahari ya Kaskazini kutoka maabara ya uvuvi ya Lowestoft, Uingereza. Akisaidiwa na E. B. Worthington, alifanya uchunguzi wake mwaka 1927 na 1928, na ripoti ikachapishwa mwaka 1929.

Pendekezo lake kuu lilikuwa kwamba nyavu za makila zisiwe na matundu yaliyo chini ya inchi 5. Mantiki yake ni rahisi: samaki aachwe akue na kuzaa walau mara moja kabla hajanaswa. Kanuni hiyo iliwekwa mwaka 1933. Iliihusu Tarime moja kwa moja, kwa kuwa wakati huo eneo la Tarime lilifika hadi ufukwe wa Shirati. Wilaya ya Rorya ilitengwa mwaka 2007 tu.

Mwaka 1935, baada ya kurudi Uingereza, Graham alichapisha nadharia yake kuhusu uvuvi wa Bahari ya Kaskazini. Alieleza kwamba kundi la samaki hukua polepole likiwa dogo, hukua haraka likiwa la wastani, kisha hupunguza kasi linapokaribia kujaza mazingira yake. Kwa hiyo kuna hali ya katikati ambamo ziada inayoweza kuvunwa kila mwaka ni kubwa kuliko nyingine zote. Wanafunzi wa maabara hiyohiyo, Raymond Beverton na Sidney Holt, waliiendeleza kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1957, na Mmarekani Milner Schaefer aliipa sura ya mlinganyo mwaka 1954. Hapo ndipo dhana ya mavuno ya juu endelevu ilipopata nguvu duniani.

Ziwani, kanuni yenyewe haikudumu. Usimamizi ulikuwa mgumu, na nyavu zenye matundu madogo zilileta samaki wengi zaidi kwa siku ile ile. Tanganyika na Uganda ziliiondoa mwaka 1956, na Kenya ikafuata mwaka 1961. Kanuni ya inchi 5 ilikuwa pia na kasoro ya ndani: iliwekwa kwa kumwangalia ngege, ilhali ziwa lilikuwa na samaki wengi wenye maisha tofauti. Ningu, kwa mfano, hupanda mitoni wakati wa mafuriko ili kutaga. Mvuvi anayetega kwenye mdomo wa mto humnasa ningu akiwa njiani kwenda kuzaa, na ukubwa wa tundu pekee haulindi safari hiyo. Kiwango kilichokuwa bora kwa samaki mmoja hakikuwa na jibu kwa mwingine.

3.0 Furu Waliohesabiwa Kisha Wakatoweka

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kati ya mwaka 1969 na 1971, mradi wa Umoja wa Mataifa ulioshirikiana na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki huko Jinja ulipima wingi wa samaki kwa nyavu za kukokota. Matokeo, yaliyochapishwa na A. W. Kudhongania na A. J. Cordone mwaka 1974, yalionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani ilikuwa furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi ambao soko liliwadharau.

Kwa mtazamo wa hesabu ya mavuno, furu walikuwa mali iliyolala. Mwaka 1976 kiwanda cha unga wa samaki kilianza kazi Mwanza, huku meli za kukokota zikivua katika Ghuba ya Mwanza. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kuwachunguza furu hao na kugundua jambo ambalo makadirio ya jumla hayakuweza kulionyesha: “furu” hawakuwa samaki wa aina moja. Walikuwa mamia ya spishi, kila moja na chakula chake, kina chake na mahali pake pa kuzalia. Aina kubwa zilizozaa watoto wachache zilipungua kwanza, huku jumla ya tani ikiendelea kuonekana ya kuridhisha.

Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, aliongezeka ghafla katika maji ya Tanzania katika miaka ya 1980. Aina nyingi za furu zilitoweka katika muda mfupi. Hakuna mlinganyo wa mavuno uliokuwa umempa sangara nafasi, kwa sababu milinganyo ile ilidhani kwamba mazingira ya kesho yatafanana na ya jana. Uchumi wa ufukweni nao ulibadilika: viwanda vya minofu vilijengwa kwa ajili ya soko la nje, na wanawake waliokausha na kuuza samaki wadogo walilazimika kutafuta bidhaa nyingine, hasa dagaa. Tayari mwaka 1977 Peter Larkin wa Kanada alikuwa ameandika tanzia ya dhana ya mavuno ya juu endelevu. Ziwa Victoria likawa mfano wa kile alichokuwa akikionya.

4.0 Elimu ya Uvuvi Nyikani

Wakati ziwa likiyumba, elimu hiyohiyo ilipanda hadi mbugani. Nyumbu wa Serengeti, takriban milioni 1.3, huvuka Mto Mara katika msimu wa kiangazi, na wakazi wa vijiji vya Serengeti na Tarime wameishi jirani nao kwa vizazi vingi. Baada ya hifadhi kutangazwa, mawinda yaliyokuwa sehemu ya maisha ya Waikoma, Wanatta, Wangoreme na Wakurya yaliitwa ujangili.

Swali la watafiti katika miaka ya 1990 lilikuwa: ni nyumbu wangapi wanauawa, na kundi linaweza kustahimili wangapi? Majibu yalitofautiana sana. Makadirio ya Heribert Hofer na wenzake, yaliyojengwa juu ya idadi ya watu wanaoishi kandokando ya hifadhi, yalikaribia nyumbu 119,000 kwa mwaka. Simon Mduma, Ray Hilborn na Anthony Sinclair, wakitumia mwenendo wa kundi lenyewe, walipata takriban 40,000, na wakaonya kwamba kuvuka 80,000 kungelishusha kundi. Hilborn ni mtaalamu wa uvuvi, mmoja wa waandishi wa kitabu mashuhuri cha kutathmini akiba ya samaki. Kwa hesabu yake, nyumbu alisomwa kama samaki: kuzaliwa, kufa, kuvuliwa.

Mwaka 2006 Hilborn na wenzake, wakiwemo watafiti Watanzania, walichapisha uchambuzi wa rekodi za miaka 50 za Hifadhi ya Serengeti. Mbinu yao ilifanana na ile ya bandarini. Mvuvi hupimwa kwa samaki anaowapata kwa kila siku ya kazi. Hapa doria ilipimwa kwa watu waliokamatwa kwa kila juhudi iliyofanyika. Uchambuzi ulionyesha kwamba doria ziliporomoka mwaka 1977 na ujangili ukaongezeka, na kwamba kuimarishwa kwake tangu katikati ya miaka ya 1980 kulisaidia nyati, tembo na faru kuongezeka tena.

Ni kazi yenye nguvu, lakini umbo lake linastahili kuangaliwa. Katika uchumi wa uvuvi, mvuvi ndiye ambaye faida yake hutafutiwa kiwango bora. Katika hesabu ya Serengeti, mwindaji wa kijijini aligeuka kuwa sehemu ya mavuno ya doria. Mahitaji yake ya nyama, ada ya shule au mahari hayakuwa lengo la mlinganyo. Yalikuwa chanzo cha vifo vya wanyama. Hisabati ilikuwa ileile, ila lengo lilikuwa limeshachaguliwa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

5.0 Mto Wakati wa Ukame

Mchango wa tatu ulitoka kwa Eric Wolanski, mtaalamu wa mikondo ya pwani katika taasisi ya sayansi ya bahari ya Australia, aliyezoea mikoko na Tumbawe Kuu la nchi hiyo. Akishirikiana na Emmanuel Gereta wa Hifadhi za Taifa Tanzania, alichunguza chumvi, oksijeni na mwendo wa maji ya Serengeti. Mwaka 1999 walichapisha utafiti kuhusu mzunguko wa oksijeni katika dimbwi la viboko, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba wingi na ubora wa maji huchangia kuongoza msafara wa nyumbu.

Kazi yao ya mwaka 2002, pamoja na Markus Borner na Suzanne Serneels, ilikadiria matokeo ya ukataji wa misitu ya Mau, umwagiliaji na mpango wa Kenya wa kuhamisha maji ya Amala. Katika miaka ya kawaida, modeli haikuonyesha madhara makubwa. Katika ukame mkali, mto ungeweza kukauka na kati ya asilimia 20 na 80 ya nyumbu wanaohama wangekufa. Kama nusu wangekufa, kundi lingehitaji takriban miaka 20 kurudi. Kama asilimia 80 wangekufa, huenda lisingerudi kabisa.

Hapa swali lilibadilika waziwazi. Wastani wa mwaka, ambao ndio uliobeba hesabu za mavuno, haukusaidia tena. Wiki chache za kiangazi ndizo zilizoamua kila kitu, kwa nyumbu, kwa ng’ombe wa Tarime na kwa mama anayeteka maji mtoni.

6.0 Kutoka Kilele hadi Kizingiti

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliipa fikra hiyo umbo la kisheria nchini Tanzania. Katika mgawanyo wa maji, mahitaji ya binadamu ya nyumbani hutangulia, yakifuatiwa na maji ya kutunza mazingira; matumizi ya kiuchumi hugawana kinachobaki. Kwa lugha ya hisabati, masharti yalitangulia lengo. Tathmini za mtiririko wa mazingira za Mto Mara, zilizofanywa kwa ushirikiano wa Kenya na Tanzania, zilijaribu kutaja kwa kila mwezi kiasi cha maji kisichopaswa kuguswa.

Kizingiti cha ujazo nacho hakitoshi. Watafiti walioongozwa na Amanda Subalusky waliandika mwaka 2017 kwamba, kwa wastani, nyumbu 6,250 huzama Mto Mara kila mwaka na kuuongezea takriban tani 1,100 za viumbe hai. Mwaka 2018 watafiti wa kundi hilohilo walionyesha kwamba kinyesi cha viboko kilichokusanyika madimbwini, kikisombwa na maji, hushusha oksijeni na kuua samaki. Mnamo Machi 2022 samaki wengi walikufa katika bonde la chini la mto. Kamati ya kitaifa chini ya Profesa Samwel Manyele ilitaja taka za kikaboni, kikiwemo kinyesi cha mifugo, na upungufu wa oksijeni. Maelezo hayo yalizua mjadala mkali, kwa kuwa bonde hilo lina pia mgodi mkubwa wa dhahabu huko Nyamongo. Wakazi waliozuiwa kuvua na kutumia maji walihitaji jibu wanaloweza kuliamini, na imani ya namna hiyo hujengwa na vipimo vya kila siku vilivyo wazi kwa wote, vilivyoanza kabla ya maafa.

7.0 Hitimisho

Elimu ya bahari ililipatia bonde la Mara zana za thamani: mkunjo wa ukuaji, kipimo cha juhudi, modeli ya maji na chumvi. Kila zana ilifika ikiwa na lengo lililofungwa ndani yake, nalo halikuwa lazima liwe la mvuvi wa Shirati au mkulima wa Mugumu. Pale watafiti walipotafuta kilele, walimpoteza ningu, furu au mwanakijiji katika jumla. Pale walipoanza na kizingiti, angalau ilibidi waseme wazi nani hapaswi kukosa maji. Kazi iliyobaki kwa watafiti wa Tarime na Serengeti ni kuhakikisha kwamba wanaoishi kando ya mto wanashiriki kukiweka kizingiti hicho, kwa sababu ndio wanaokuwapo kiangazi kinapofika.