March Fong Eu: Kutoka Bodi ya Elimu ya Kaunti hadi Bunge la California

Miongoni mwa vyombo vya serikali za mitaa katika jimbo la California, nchini Marekani, bodi ya elimu ya kaunti ni kimojawapo ambacho magazeti hukitaja kwa nadra, ingawa wajumbe wake kwa kawaida hupigiwa kura na wananchi na hushughulikia mambo yanayoigusa kila familia yenye mtoto shuleni. Katika bodi ya namna hiyo, ile ya Kaunti ya Alameda iliyo ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, March Fong Eu alitumikia tangu mwaka 1956 hadi 1966, na huko ndiko alikojifunzia siasa.

Alizaliwa mwaka 1922 katika mji mdogo wa Oakdale, katika familia ya Wachina iliyoendesha duka la dobi, wakati ambapo Sheria ya Kuwazuia Wachina ya mwaka 1882, iliyowafungia vibarua wa Kichina mlango wa kuingia Marekani, ilikuwa ingali na nguvu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1943, mwaka uleule alipohitimu Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Akawa mtaalamu wa usafi wa meno, yaani mhudumu anayesafisha meno na kufundisha namna ya kuyatunza, akafanya kazi hiyo katika shule za umma za Oakland, na hatimaye akapata shahada ya uzamivu ya elimu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1954.

Novemba 1966 alichaguliwa, kwa tiketi ya chama cha Democratic, kuingia katika baraza la chini la Bunge la jimbo, lenye wajumbe 80 wanaotumikia kipindi cha miaka miwili miwili. Katika uchaguzi huohuo wapiga kura waliidhinisha badiliko la katiba ya jimbo lililoufanya ubunge kuwa kazi ya kudumu badala ya shughuli ya msimu, kwa hiyo aliingia katika taasisi iliyokuwa ndiyo kwanza inajipanga upya, naye akarejeshwa kitini mara tatu.

Kampeni iliyompa umaarufu ilihusu jambo ambalo wabunge wengi waliona haya hata kulitamka. Vyoo vingi vya umma wakati huo vilikuwa na kufuli lililofunguka kwa kutumbukiza sarafu, na kwa kuwa wanaume walikojoa bure kwenye mabakuli ya ukutani, mzigo wa malipo uliwaelemea wanawake. Mwaka 1969, mbele ya wanahabari kwenye ngazi za jengo la Bunge mjini Sacramento, alivunja kwa nyundo kubwa choo kilichofungwa minyororo. Waliomcheka hawakukosekana, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi: hoja ya usawa wa kijinsia ambayo ingezama katika kamati ilijadiliwa jimbo zima, na mwaka 1974 Gavana Ronald Reagan alitia saini sheria ya kupiga marufuku malipo hayo. Wakosoaji hudai kwamba baadhi ya wenye majengo, baada ya kunyimwa sarafu, waliamua kutotoa choo kabisa, na dai hilo si la kupuuzwa.

Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa Katibu wa Jimbo, ofisa anayesimamia uchaguzi, usajili wa kampuni na nyaraka za serikali, akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima kushika wadhifa wa serikali ya jimbo popote nchini Marekani. Katika uongozi wake, uandikishaji wa wapiga kura kwa njia ya posta ulianza mwaka 1976, na miaka miwili baadaye sheria ikamruhusu mpiga kura yeyote kupiga kura kwa posta bila kueleza sababu. Pengine mageuzi hayo ndiyo kazi yake kubwa zaidi, ingawa nyundo ndiyo inayokumbukwa.

Aliushika wadhifa huo hadi mwaka 1994, Rais Bill Clinton alipomteua kuwa balozi nchini Mikronesia, na mwaka uleule mwanawe wa kulea, Matt Fong, alichaguliwa kuwa mweka hazina wa jimbo kwa tiketi ya chama pinzani cha Republican. Mwaka 2002, akikaribia umri wa miaka 80, aliomba tena ukatibu lakini akashindwa katika kura za mchujo za chama chake. Alifariki Desemba 2017.