Fizi na Baraka: ndeke waliyoikimbia wazee, ndeke wanayoiota watoto

BARAKA – Ndeke ikipita juu ya Baraka, watoto hutoka nje mbio, wanapunga mikono na kuifuata kwa macho mpaka inapotelea upande wa Ubwari. Wazee hawatoki hivyo. Wao hunyamaza kwanza, wanasikiliza inatokea upande gani, inashuka au inapita. Ukiwauliza watoto, watakuambia siku moja watapanda. Ukiwauliza wazee, watakusimulia mwaka wa 1965.

Watoto wa huku hutengeneza ndeke tangu zamani. Bua la mtama likikauka linakuwa mwili, kipande cha boksi kinakuwa mabawa, kopo tupu la sardini linakuwa injini. Aliye na waya anatengeneza helikopta, na daftari la shule hupoteza kurasa nyingi kwa ndeke za karatasi. Kiswahili chenyewe kinamrahisishia mtoto ndoto hiyo, maana jina la anayeruka kwa mabawa yake na jina la mashine ni moja, iwe ni ndege ya vitabuni au ndeke ya mtaani. Lakini kati ya bua la mtama na kiti cha kweli cha ndege kuna safari ndefu, na kwa wakaaji wengi wa Fizi safari hiyo ilipitia vitani.

Ndege za kwanza kwenye Ziwa Tanganyika hazikuja kubeba wasafiri. Zilikuja wakati wa vita vya kwanza vya dunia, mwaka wa 1916. Wakati huo Wabelgiji walishika upande huu wa ziwa, Wajerumani wakashika Kigoma. Meli kubwa kuliko zote majini ilikuwa ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wabelgiji waliazima kwa Waingereza ndege nne za aina ya Short, zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa, ambazo badala ya magurudumu zilikuwa na maboya ya kutulia juu ya maji. Zilifika Kongo kwa meli, zikiwa vipande vipande, kisha zikapandishwa kwa reli na kwa mashua za mtoni mpaka ziwani.

Kituo chao kiliwekwa karibu na Mtoa, kaskazini kidogo ya Kalemie, kwenye ziwa dogo la Tongwe. Mvuvi yeyote wa Baraka anaweza kueleza sababu: mawimbi ya Tanganyika hayana huruma kwa chombo chepesi. Tena ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto likiongezeka hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo ndege inakosa nguvu ya kunyanyuka na mzigo. Tarehe 10 mwezi wa 6, 1916, rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka kutoka huko, wakavuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma, wakiitafuta Götzen. Behaeghe anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza wa Afrika ya kati. Hakurudi kwao. Ugonjwa ulimuua mwezi wa 12 mwaka huohuo, huko Niemba.

Mabomu hayakuizamisha Götzen. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha, tarehe 26 mwezi wa 7, 1916, walipoona Kigoma inakwenda, lakini kwanza wakapaka injini grisi ili zisioze. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Familia nyingi za Fizi zinaijua meli hiyo kwa sababu nyingine kabisa, na tutairudia chini.

Vita vilivyobaki kichwani mwa wazee ni vya waasi Simba. Mwaka wa 1964 Simba waliteka Uvira, Fizi, Baraka na hata Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Serikali ya Leopoldville haikuwa na marubani wa kutosha. Wamarekani, kupitia shirika lao la ujasusi CIA, wakaleta ndege na watu wa kuziendesha. Wengi wa marubani hao walikuwa Wakuba waliokimbia nchi yao baada ya Fidel Castro kuchukua utawala. Walirushia ndege zao Albertville, mwendo mfupi tu wa angani kutoka hapa.

Halafu, tarehe 24 mwezi wa 4, 1965, Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwa mashua na kufika Kibamba, na baada yake zaidi ya Wakuba 100 waliotumwa na Castro huyohuyo. Basi katika milima ya Fizi kukawa na Wakuba chini, wakiwafundisha Simba vita, na Wakuba wengine juu wakiwapiga. Watu wa vijijini hawakuulizwa maoni yao juu ya ugomvi wa kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari kuu.

Ndege zilikuwa za aina mbili hasa. B-26 ilikuwa na injini mbili na ilibeba mabomu. T-28 ilikuwa ndogo, injini moja puani, viti viwili, na sauti nzito ambayo ilisikika kabla ya ndege yenyewe kuonekana nyuma ya mlima. Mtoto aliyezaliwa Fizi mwaka wa 1958 alikuwa na miaka saba wakati huo. Umri huo ndio mtoto anaanza kuuliza vitu vinarukaje. Yeye alifundishwa jambo lingine: usisimame njiani, usivae nguo nyeupe ya kung'aa shambani, ingia porini, lala chini ya mti, usiinue uso. Simba walikuwa na dawa yao, wakaamini kwamba risasi zitageuka maji kwa aliyefuata masharti. Bomu la kutoka juu halikungoja kujua nani alifuata masharti.

Mwisho wa mwezi wa 9, 1965, mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua, ndege zikiwasaidia kutoka juu. Mapigano yalikuwa makali. Hoare mwenyewe baadaye alikiri kwamba Simba wa Baraka walipigana vizuri kuliko alivyotazamia. Tarehe 10 mwezi wa 10 Fizi ikachukuliwa. Tarehe 21 mwezi wa 11, Che akaondoka usiku kwa mashua kurudi Kigoma. Marubani nao wakaenda zao. Waliobaki ni wenye nchi, na nyumba zilizoungua.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. T-28 ilibuniwa Marekani karibu na mwaka wa 1949 kama ndege ya shule. Kazi yake ilikuwa kumfundisha kijana kuruka, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Bunduki na mabomu viliongezwa baadaye. Na leo T-28 zilizobaki zinatunzwa kama mali ya thamani. Huko Marekani zinapakwa rangi, zinaonyeshwa kwenye maonyesho ya ndege, na kuna wenye pesa wanaolipa ili wapande kiti cha nyuma kwa dakika chache. Kwao ni jambo moja kwenye orodha ya mambo ambayo mtu anataka kuyafanya kabla hajafa. Hawana kosa, walikuwa watoto walioota kuruka, kama watoto wote. Lakini koko wa Fizi aliyehamia Marekani akipelekwa na wajukuu kwenye maonyesho kama hayo, injini ikiwashwa, haitasema naye kama inavyosema na wale.

Baada ya 1965, Laurent-Désiré Kabila aliendelea na uasi katika milima hii kwa miaka mingi, na makao yake yaliitwa Hewa Bora. Jina hilo lilikuja kuruka. Kabila alipokwisha kuingia Kinshasa mwaka wa 1997, moja ya kampuni kubwa za ndege nchini ilijulikana kama Hewa Bora Airways. Kijana wa Fizi aliweza kusoma jina la milima ya kwao kwenye ubavu wa Boeing, kwa picha. Ndege kubwa za abiria hazikutua Fizi. Aliyetaka kupanda ilimbidi kwanza afike Kavumu, Kalemie au Bujumbura, kwa barabara ambayo mvua ikinyesha kila msafiri anaijua. Kampuni hiyo iliacha kuruka mwaka wa 2011, baada ya ndege yake kuanguka Kisangani tarehe 8 mwezi wa 7 na kuua zaidi ya watu 70.

Aliyewapandisha watu wa Fizi kwenye ndege kwa wingi ni mwingine. Ni kukimbia.

Vita vya 1996 vilipofika Kivu Kusini, maelfu walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo kwa ajili ya Wakongomani, wengi wao kutoka Fizi na Uvira. Mwaka wa 1997 Umoja wa Mataifa ulikodi Liemba, ile Götzen ya zamani, ikawarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Meli ambayo ndege za kwanza ziliitafuta ili kuiua ndiyo iliyowaleta watu nyumbani. Vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1998, wengi walivuka tena, na safari hii wakakaa. Watoto walizaliwa kambini, wakasoma kambini, wakaoa na kuolewa kambini.

Tangu karibu mwaka wa 2013, Marekani na nchi nyingine zilikubali kupokea makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Kabla yao, mwaka wa 2007, manusura wa mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 mwezi wa 8, 2004, wengi wao Wanyamulenge, walikwisha kuanza kupelekwa Marekani. Wabembe, Wabuyu, Wafuliru, Wanyamulenge: walioshindwa kukaa pamoja mlimani walikutana kwenye foleni moja ya uwanja wa ndege.

Kila aliyepitia njia hiyo anakumbuka mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu, IOM. Ndani yake kuna karatasi zote za familia pamoja na picha za eksirei za kifua. Wafanyakazi wa viwanja vya ndege vya Ulaya na Marekani huwatambua wakimbizi kwa mfuko huo kutoka mbali. Kabla ya safari kuna masomo ya siku chache: mkanda wa kiti unafungwaje, choo cha ndege kinatumiwaje, chakula kile hakilipiwi. Tiketi yenyewe ni deni. IOM inailipa kwanza, na familia hulirudisha kidogo kidogo, bila riba, ikianza miezi michache baada ya kufika. Wengi hawakulijua hilo vizuri mpaka barua ya kwanza ilipowafikia Marekani. Ndoto ya utotoni, yenye risiti.

Mama aliyezaliwa Baraka, akakua Nyarugusu, akapanda ndege kwa mara ya kwanza na watoto watano, hawezi kusema kwa neno moja kama ile ilikuwa furaha. Watoto waligombea dirisha. Yeye alikuwa akihesabu watoto, na mkononi kashika mfuko. Huku nyuma, waliobaki Baraka hupokea picha kwenye simu: kijana amesimama mbele ya ndege, vidole viwili juu. Picha hizo ndizo zinazowafanya wadogo wakunje karatasi zaidi.

Mwaka wa 2025 umebadilisha mambo juu na chini. Mwezi wa kwanza uwanja wa Goma ulifungwa kwa vita. Tarehe 14 mwezi wa 2, Kavumu ikaingia mikononi mwa M23, na Kivu Kusini ikapoteza uwanja wake mkubwa. Helikopta nyeupe za MONUSCO, ambazo watoto wa Baraka walizizoea, zilikuwa zimekwisha kuondoka jimboni mwaka wa 2024. Mahali pao pakasikika droni za vita, hasa upande wa milimani. Familia zilizoshuka kutoka huko zina watoto ambao wakisikia mlio angani hawatoki nje. Wanatazama kwanza uso wa mama.

Na ng'ambo ya ziwa, tarehe 20 mwezi huohuo wa kwanza, rais mpya wa Marekani alisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Safari zilizokuwa na tarehe tayari zilifutwa. Katika kambi za Afrika Mashariki kulikuwa na familia zilizokwisha kuuza magodoro na sufuria na kuaga majirani. Nyingine zilirudi kwenye kibanda kilichokwisha kupewa mtu mwingine. Vipimo vya afya vya safari vina tarehe ya mwisho, miezi michache tu, na ikipita lazima vifanywe upya, vya mtoto mchanga na vya mzee. Katika nyumba hizo mfuko bado umetundikwa ukutani, juu kidogo, mahali ambapo watoto hawaufikii.