Ukuta wa Kusi

Julai, Mweiga haina jua. Ukungu unashuka kutoka Nyandarua, Mlima Kenya unapotea siku tatu nne, na kwa steji watu wanangoja matatu ya Nyeri wakiwa wamevaa makoti mawili. Shosho huuita msimu huu gathano, na hana neno zuri la kuusemea. Wakati huohuo kule Lamu bahari imechafuka. Kusi imekolea na vyombo vidogo vimevutwa juu mchangani.

Kwa miaka nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti. Sisi wa mlimani tunaiona bahari mara ya kwanza tukienda tripu ya shule, tunapiga picha, basi.

Wimbi hulishwa na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uliovuma, na umbali uliosafiri juu ya maji. Kusi ina yote. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa hali ya hewa, Mwingereza J. Findlater, alichapisha maelezo ya upepo mwembamba wenye kasi ajabu unaopita chini chini juu ya mashariki mwa Kenya miezi hiyo. Unatoka upande wa Madagaska, unavuka ikweta, unakata Somalia, kisha unapinda kuelekea India. Mbona usitawanyike bara? Kwa sababu unagonga ukuta, na ukuta wenyewe ni nyanda zetu za juu, kuanzia huku hadi Ethiopia. Watafiti wakiiondoa milima hii kwenye hesabu za kompyuta, upepo ule unalegea na kupanuka. Kwa hiyo yale mawimbi makali ya pwani ya Somalia, ambayo mabaharia wameyaogopa tangu enzi za majahazi, yana mkono wetu.

Vasco da Gama alijifunza kalenda hii kwa gharama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa pale, na kusi ikamfikisha India kwa chini ya mwezi mmoja. Kurudi, hakuwa na subira ya kungoja kaskazi. Aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa maleleji, pepo hazijaamua ziende wapi. Alifika Malindi Januari 1499, baada ya miezi mitatu, mabaharia kama thelathini wakiwa wamekufa. Mtoto yeyote wa Lamu angemwambia asubiri.

Sasa, maleleji ya pwani ndiyo mwere ya kwetu, zile mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Na hapa ndipo mambo huharibika au hufana.

Kwa kawaida miezi hiyo, katikati ya Bahari ya Hindi, upepo wa ikweta husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia. Kuna miaka upepo huo unalegea, hata kugeuka. Mawimbi mapana yanayopita ndani kwa ndani, ambayo huwezi kuyaona ukiwa ufukweni, yanavuka bahari taratibu kwa miezi, na upande wetu unabaki na joto. Mvuke unapanda. Mwaka 1961 ulikuwa hivyo. Kenyatta alikuwa ameachiliwa Agosti. Kufikia Novemba nchi ilikuwa inaelea. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya mwaka huo na 1964. Shosho alikuwa msichana mdogo, na anachokumbuka si Kenyatta. Anakumbuka kuni mbichi, na mama yake akilia kwa sababu ya moshi, au akisema ni moshi.

Leo tungesema "ni Elnino." Lakini 1961 haukuwa mwaka wa Elnino. Mkosaji alikuwa bahari yetu wenyewe, na tabia hiyo haikupewa jina lake la kisayansi hadi 1999. Sisi tuliipenda lawama ya Pasifiki tangu zile mvua za 1997, ambapo kwa kweli zote mbili zilishirikiana.

Matumbawe yalikuwa yanaandika haya muda wote. Tumbawe moja la Malindi lilipokatwa na kusomwa tabaka kwa tabaka, lilitoa rekodi ya miaka 194, kutoka 1801 hadi 1994. Lina mapigo ya miaka ya joto na ya baridi, na juu ya mapigo hayo, bahari inayozidi kupata joto.

Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu Shosho hupanda kwa kalenda ya mama yake. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya maana katika sehemu kubwa za Kenya, na Kieni hatukuponea. Mwisho wa 2023 yakaja mafuriko.

Siku hizi ikifika Septemba ananipigia simu. Haulizi habari za kazi kwanza.

"Wewe wa Nairobi, bahari inasemaje?"

Mwaka jana nilimsomea utabiri wa idara ya hali ya hewa, neno kwa neno. Alinyamaza kidogo. Halafu akapanda nusu ya mbegu za waru, na nusu akaiacha kwenye gunia.